Bunduki, Sindano na Orodha ya Majina: Funzo la Ebola Katika Kivu ya Kaskazini

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi wapiganaji wa majeshi ya ulinzi na askari wa jeshi la polisi, mazungumzo yetu ya leo yanahusu jirani zetu wa magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Tarehe 1 Agosti, 2018, Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba ugonjwa wa Ebola umezuka Mangina, mji mdogo ulioko katika eneo la Beni, Jimbo la Kivu ya Kaskazini. Mlipuko huo ulienea hadi Ituri, ukagusa Kivu ya Kusini, ukavuka mpaka na kuingia Uganda. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni, 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki dunia. Katika historia ya Ebola ni mlipuko mmoja tu uliouzidi huo kwa ukubwa, nao ni ule wa Guinea, Liberia na Sierra Leone uliodumu kutoka mwaka 2014 hadi 2016.

Jambo la kutafakari ni hili. Afrika Magharibi ilishambuliwa na Ebola wakati dunia haikuwa na chanjo iliyokwisha kuthibitishwa. Kivu ya Kaskazini ilishambuliwa wakati chanjo iko tayari, wataalamu wako tayari, na fedha zinatolewa. Hata hivyo ugonjwa ulichukua karibu miaka miwili kuzimwa. Kwa nini? Jibu la swali hili linawahusu watu wanaovaa sare pengine kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu askari na polisi walikuwamo katika kila hatua ya mkasa huo, wakati mwingine kama walinzi, na wakati mwingine, bila wao kukusudia, kama sehemu ya tatizo.

Ndugu wasikilizaji, Kongo si mgeni wa Ebola. Ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976, na mmoja wa milipuko miwili ya mwaka ule ulitokea Yambuku, kaskazini ya nchi hiyo. Miongoni mwa madaktari wa kwanza kufika Yambuku alikuwa kijana wa Kikongo, Jean-Jacques Muyembe, ambaye jina lake litarudi katika mazungumzo haya. Mwaka 1995 ugonjwa ulizuka tena Kikwit. Mlipuko wa Mangina ulikuwa wa kumi kwa nchi hiyo, na mlipuko wa tisa, uliotokea Jimbo la Équateur, ulikuwa umetangazwa kwisha tarehe 24 Julai, 2018, yaani wiki moja tu kabla. Kwa hiyo wataalamu walikwenda Mangina wakiwa na uzoefu na matumaini. Tarehe 8 Agosti, siku saba baada ya tangazo la Serikali, sindano ya kwanza ya chanjo ilikuwa imekwisha kuchomwa.

Hapana budi tueleze jinsi chanjo hiyo ilivyotumika, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo. Haikutolewa kwa kila mtu. Ilitolewa kwa njia ya duara, njia iliyosaidia kuifuta ndui duniani katika miaka ya 1970. Mgonjwa akipatikana, hutafutwa watu wote waliomgusa, waliomwuguza, au waliolala naye nyumba moja. Hilo ni duara la kwanza. Kisha hutafutwa watu waliokaribiana na hao. Hilo ni duara la pili. Wote huchanjwa, pamoja na wahudumu wa afya, na wale waliokuwa karibu na mgonjwa huangaliwa kwa siku 21. Ugonjwa ukitaka kutoka, hukuta ukuta wa watu wenye kinga umeuzunguka. Chanjo yenyewe ilikuwa na nguvu sana. Hesabu za awali zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Aprili 2019 zilikadiria kinga yake kuwa asilimia 97.5.

Lakini njia hiyo ina sharti moja kubwa. Inahitaji orodha ya majina. Mgonjwa au jamaa zake hawana budi kusema ukweli: nani alimwosha maiti, nani alimbeba mgonjwa kwa pikipiki, nani alikuja kulia msiba kisha akarudi kijijini kwake. Orodha hiyo haipimwi maabara wala haipatikani kwa msako. Iko ndani ya vichwa vya watu, na mtu huitoa kwa hiari kwa yule anayemwamini. Palipo na hofu orodha huwa fupi, na kila jina lililofichwa ni mlango uliobaki wazi. Katika Kivu ya Kaskazini, kwa miezi mingi, wagonjwa wapya wengi walikuwa watu ambao majina yao hayakuwamo katika orodha yoyote, na wengi walikutwa wamekwisha kufia nyumbani.

Basi kwa nini watu walificha? Wako waliosema kwamba ni ujinga na ushirikina. Maelezo hayo ni mepesi mno. Uchunguzi uliofanywa mwezi Septemba 2018 katika miji ya Beni na Butembo ulionyesha kwamba kadiri ya mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kabisa kwamba Ebola ipo. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba ni watu wachache, kama theluthi moja, waliokuwa na imani kwamba viongozi wao wa mahali wanatetea maslahi yao. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Asiyeiamini mamlaka hakuiamini habari inayoletwa na mamlaka.

Na watu wa Beni walikuwa na sababu zao. Tangu mwezi Oktoba 2014 vijiji vya eneo hilo vilikuwa vikivamiwa usiku, na raia kuuawa kwa mapanga na bunduki. Mauaji mengi kati ya hayo yalisemekana kufanywa na kundi la ADF, lenye asili ya Uganda. Wasikilizaji wetu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania hawahitaji kuelezwa habari za msitu ule. Tarehe 7 Desemba, 2017, kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki ilishambuliwa, na wapiganaji 15 wa Tanzania wakapoteza maisha. Mwezi Novemba 2018, Ebola ikiwa imekwisha kupamba moto, walinda amani saba waliuawa katika mapambano karibu na Beni, sita wakiwa wa Malawi na mmoja wa Tanzania. Mmoja wa mashujaa hao wa Malawi, Chancy Chitete, alikufa akimwokoa mwenzake Mtanzania aliyejeruhiwa, na Umoja wa Mataifa ukamtunuku nishani yake ya juu ya ushujaa. Siku chache baada ya mapambano hayo, kazi ya kupambana na Ebola mjini Beni ilisimama kwa muda kwa sababu ya milio ya risasi.

Mwananchi wa Beni aliyaona hayo yote. Aliona pia kwamba kwa miaka minne, jirani zake walipokuwa wakichinjwa, misafara ya magari mapya haikuja. Ilikuja kwa ajili ya Ebola. Akajiuliza: inakuwaje dunia inahangaikia homa hii moja, na haikuhangaikia mapanga? Swali hilo halikuwa la kijinga. Tena lilipokosa jibu, watu walijitafutia jibu wenyewe, na uvumi ukapata shamba lenye rutuba.

Siasa ikaongeza mafuta katika moto. Taifa la Kongo lilikuwa limejiandaa kupiga kura mwezi Desemba 2018. Tarehe 26 Desemba, siku chache kabla ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba wapiga kura wa Beni na Butembo watasubiri hadi mwezi Machi 2019, na sababu zilizotolewa ni ugonjwa na ukosefu wa usalama. Lakini masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Rais mpya angekwisha kuapishwa kabla ya mwezi Machi kufika. Watu wakaona kwamba Ebola imetumiwa kuwanyang'anya kura, katika eneo ambalo lilijulikana kuwa ngome ya wapinzani. Kesho yake waandamanaji mjini Beni walivamia kituo cha kuwatenga watu walioshukiwa kuwa na Ebola, na wagonjwa wakakimbia. Hivyo amri moja ya uchaguzi iliharibu kwa siku moja kazi ya afya iliyochukua miezi kujengwa.

Mabishano yalihusu pia chanjo yenyewe. Njia ya duara, ambayo kwa mtaalamu ni hekima, kwa mtu wa mtaani ilionekana kuwa ubaguzi. Kwa nini nyumba hii imechanjwa na ile haikuchanjwa? Wanawake wajawazito na wanaonyonyesha hawakuruhusiwa mwanzoni, kisha mwaka 2019 wakaruhusiwa. Je, ilikuwa hatari jana na leo si hatari? Mwezi Mei 2019 wataalamu walishauri kipimo kipunguzwe ili chanjo iwatoshe watu wengi zaidi. Uamuzi huo ulikuwa na msingi wa kisayansi, lakini ulihitaji kuelezwa kwa subira, na kwa lugha ya wenyeji. Mara nyingi maelezo yalikuja kwa Kifaransa, hali watu wa Beni na Butembo huzungumza Kinande na Kiswahili cha kwao. Askari wa jeshi la Kongo nao kwa desturi hutumia Kilingala. Mgeni aliyekuja na sindano, akifuatana na askari anayesema lugha nyingine, hakuwa na njia rahisi ya kuaminiwa.

Wakubwa nao walitofautiana hadharani. Shirika la Afya Duniani na wataalamu wengine walitaka iongezwe chanjo ya pili, iliyotengenezwa na kampuni ya Johnson & Johnson, inayotolewa kwa awamu mbili. Waziri wa Afya, Dkt. Oly Ilunga, aliikataa, akisema kwamba kuleta chanjo mbili kutawachanganya wananchi. Mwezi Julai 2019 Rais Félix Tshisekedi aliuondoa uongozi wa mapambano hayo katika wizara na kuukabidhi kwa kamati ya wataalamu chini ya Profesa Muyembe. Waziri akajiuzulu tarehe 22 Julai. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo kwa ubadhirifu wa fedha zilizotolewa kwa ajili ya Ebola. Chanjo ya pili ilianza kutolewa Goma mwezi Novemba 2019.

Suala la fedha lilikuwa jeraha kubwa. Wenyeji waliona magari yakikodishwa kwa bei za juu, na wageni wakilipwa vizuri, wakati muuguzi wa zahanati alikaa miezi bila mshahara wa maana. Wakabuni usemi kwamba Ebola imekuwa biashara. Wakati huo huo surua ilikuwa ikiangamiza watoto nchini humo bila kelele nyingi. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2020, watu zaidi ya 6,000 walikuwa wamekufa kwa surua katika Kongo nzima tangu kuanza kwa mwaka 2019, idadi inayozidi mara mbili vifo vya Ebola. Baadaye, mwezi Septemba 2021, tume huru ilitoa taarifa iliyoonyesha kwamba baadhi ya watu waliopelekwa kupambana na ugonjwa, wakiwamo watumishi wa Shirika la Afya Duniani, walishutumiwa kuwadhulumu wanawake kijinsia kwa kuwaahidi kazi. Aibu hiyo ilijulikana mitaani muda mrefu kabla ya kuandikwa kwenye taarifa.

Tuje sasa kwenye hospitali. Ebola inapoanza hufanana na malaria: homa, kuumwa kichwa, uchovu. Katika nchi yenye malaria nyingi, kila mwenye homa alikuwa mtuhumiwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba wakati fulani hata nusu ya watu waliofikishwa katika vituo vya Ebola walikuwa na malaria tu. Mama mwenye mtoto mwenye homa alikuwa na chaguo gumu: ampeleke mwanawe katika kituo ambako atatengwa naye, au ampeleke katika zahanati ndogo ya mtaani? Wengi walichagua zahanati ya mtaani, na ndani ya zahanati hizo, zilizokuwa na vitanda vichache na vifaa haba, watoto walioingia na malaria waliambukizwa Ebola. Wahudumu wa afya zaidi ya 150 waliugua. Mwezi Novemba 2018 ilifanyika kampeni ya siku nne mjini Beni ya kugawa dawa za malaria na vyandarua, ikilenga watu hadi 450,000, ili kupunguza mzigo wa hospitali. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu ulitibu ugonjwa ambao watu wenyewe walikuwa wakiulalamikia.

Ndugu wapiganaji na askari polisi, hapa ndipo tunapofika kwenye fungu lenu. Tarehe 24 Februari, 2019, kituo cha matibabu cha Katwa, kilichoendeshwa na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, kilichomwa moto. Siku tatu baadaye kile cha Butembo kilishambuliwa. Shirika hilo likaondoa watu wake huko, na rais wake, Dkt. Joanne Liu, akatamka hadharani mwezi Machi kwamba mapambano yanashindwa kwa sababu wananchi wameanza kuwaona waganga kuwa maadui. Alionya dhidi ya kuwatumia polisi na jeshi kuwalazimisha watu kufuata masharti ya afya. Kisha, tarehe 19 Aprili, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo na kumwua Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani kutoka Kamerun.

Mtu mwadilifu hawezi kulipuuza tukio hilo. Wale wanaosema kwamba askari hawakutakiwa kabisa wanasahau kwamba palikuwa na wauaji wa kweli. Daktari asiye na mlinzi katika njia ya Butembo alikuwa anahatarisha roho yake. Lakini wale wanaosema kwamba dawa ilikuwa kuongeza askari wanasahau jambo la pili. Baada ya mashambulizi ya mwezi Aprili, wakati ulinzi ulipokuwa mkali na timu za chanjo zikishindwa kwenda mitaani, ugonjwa haukupungua. Ulipanda hadi kupita wagonjwa wapya 100 katika wiki moja. Kila siku moja ambayo timu haikufika, duara lilivunjika. Na kila mara mgonjwa alipochukuliwa kwa nguvu, jirani zake waliokuwa wakitazama dirishani walijifunza kuficha.

Basi fumbo lilikuwa hili: bila mlinzi timu haifiki, na ikifika na mlinzi haipewi majina. Fumbo hilo halikufumbuliwa kwa siku moja, wala halikufumbuliwa lote. Lakini tunaweza kuona ni mambo gani yaliyopunguza makali yake.

La kwanza, kazi ilirudishwa mikononi mwa wenyeji. Vijana wa mitaa, viongozi wa dini, wazee na akina mama wa masoko walishirikishwa, na wahudumu wanaosema Kinande na Kiswahili wakatangulia mbele. La pili, maziko. Badala ya maiti kufichwa na kupelekwa kaburini na watu waliovaa kama viumbe wa angani, familia ziliruhusiwa kushuhudia, kuomba dua na kuaga kwa heshima, na timu nyingine ziliundwa na watu wa kijiji hicho hicho. La tatu, wagonjwa walionekana. Shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu, ambamo mgonjwa alilazwa na jamaa zake wakamwona na kuzungumza naye bila kumgusa. Nyumba ya karantini isiyo na dirisha huzaa uvumi. Nyumba inayoonekana ndani hukata uvumi mzizi. La nne, waliopona, ambao tayari walikuwa na kinga mwilini, waliajiriwa kuwalea watoto wa wagonjwa na kuwapa moyo wengine. Hakuna msemaji wa Serikali awezaye kushindana na mtu aliyeugua, akapona, akarudi mtaani kwake kusimulia.

La tano lilikuwa tiba. Tarehe 12 Agosti, 2019, ilitangazwa kwamba dawa mbili kati ya nne zilizokuwa zikijaribiwa huko huko Kongo zimeonyesha mafanikio makubwa. Kwa wagonjwa waliofika mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, takriban tisa kati ya kumi walipona. Moja ya dawa hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola mjini Kikwit mwaka 1995, kwa kazi ambayo Profesa Muyembe alishiriki. Maana yake kwa mwananchi ilikuwa kubwa. Kituo cha Ebola kilikuwa kinajulikana kuwa mahali pa kwenda kufa. Sasa palikuwa na sababu ya kwenda, na kwenda mapema. Sababu hiyo ilifanya kazi ambayo hakuna kizuizi cha barabarani kilichoweza kuifanya.

Majirani walifanya nini? Uganda ilijitayarisha kabla. Iliwachanja wahudumu wa afya wapatao 4,700 wakati bado haijapata mgonjwa hata mmoja. Mwezi Juni 2019, familia moja iliyotoka kwenye msiba Kongo ilipovuka na kuingia wilaya ya Kasese, mtoto aliyekuwa mgonjwa alitambuliwa upesi. Wagonjwa watatu wa familia hiyo walifariki, lakini ugonjwa haukuambukiza Waganda. Rwanda nayo, baada ya wagonjwa kuonekana Goma, iliufunga mpaka wake na mji huo tarehe 1 Agosti, 2019, kisha ikaufungua siku hiyo hiyo. Maelfu kwa maelfu ya watu huvuka hapo kila siku kutafuta riziki. Mpaka ukifungwa, hawaachi kula. Hupita vichochoroni, mahali ambapo hakuna wa kuwapima joto wala wa kuandika majina yao.

Hata mwisho wa mlipuko ulikuwa na onyo lake. Mwezi Aprili 2020 zilibaki siku mbili tatu tu ugonjwa utangazwe kwisha. Tarehe 10 Aprili mgonjwa mpya akapatikana Beni, na siku chache baadaye mgonjwa mwingine akatoroka kituoni. Hesabu ikaanza upya, na taifa likasubiri hadi tarehe 25 Juni.

Isidhaniwe kwamba fumbo hili ni la Kongo peke yake, au la nchi yenye vita peke yake. Mwaka huo wa 2020, gonjwa la korona lilipoingia, jirani zetu wa Kenya, nchi yenye amani na mahakama imara, walilikabili kwa namna yao. Tarehe 27 Machi, 2020, siku ya kwanza ya amri ya kutotoka nje usiku, polisi walitumia virungu na mabomu ya machozi kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, dhidi ya abiria waliokuwa wakihangaika kurudi makwao kabla ya saa moja jioni. Tazama kinyume chake: amri iliyokusudiwa kuwatenganisha watu iliwasonga pamoja, wakikohoa na kutoa machozi. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa wananchi. Kufikia mapema mwezi Juni, mamlaka ya kuwasimamia polisi ya nchi hiyo ilikuwa imepokea malalamiko ya vifo 15 vilivyohusishwa na polisi katika kutekeleza amri hiyo. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilipotangaza kwamba asiyechanjwa atanyimwa huduma za umma, jambo hilo lilifika mahakamani, na Mahakama Kuu ikalisimamisha. Huo nao ulikuwa mfano wa ubishi wa umma, ila uliamuliwa kwa hoja mbele ya hakimu. Kijiji kilicho na mahali pa kupeleka malalamiko hakina haja ya kuchoma kituo cha afya.

Ndugu wasikilizaji, tunajifunza nini? Sisi wenyewe hatuko mbali na hatari hii. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg, ndugu yake Ebola, ulithibitishwa mkoani Kagera, ukaua watu sita kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huo. Siku yoyote askari wa mpakani, wa kituo kidogo cha polisi au wa kambi ya jeshi anaweza kuitwa kusimama katika kizuizi cha afya. Atakaposimama hapo, na akumbuke mambo machache.

Kazi yake ni kulinda njia ili mganga apite. Mlango wa nyumba ni wa mganga na wa balozi wa mtaa. Askari akibaki barabarani, silaha yake ikielekea chini, anamsaidia mganga kupata majina. Akiingia uani na silaha mkononi, majina yanakimbilia kichakani pamoja na wenye majina hayo.

Masharti ya afya yamhusu yeye kwanza. Askari anayeamrisha watu wanawe mikono, na yeye hanawi, anatangaza kwamba masharti hayo ni ya wanyonge. Askari anayepokea chochote ili kumpitisha mtu kizuizini anaupitisha ugonjwa. Goma ilipopata mgonjwa wake wa kwanza, Julai 2019, mgonjwa huyo alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Butembo na kupita katika vizuizi kadhaa bila kugunduliwa. Kizuizi hupima umakini wa anayekisimamia zaidi ya unene wa mti uliolazwa njiani.

Na askari ni mwananchi. Ana mama kijijini, ana watoto shuleni, ana jirani ambao humwuliza maswali akiwa likizo. Aliyeuona ugonjwa kwa macho yake, akajua chanjo inavyofanya kazi na kwa nini huyu huchanjwa kabla ya yule, anaweza kueleza mambo hayo barazani kwa lugha ya kwao. Maelezo hayo yana uzito kuliko amri, kwa sababu hutolewa na mtu anayejulikana ukoo wake.

Watu wa Beni walizikwa kwa mamia, pamoja na wauguzi wao, madaktari wao na askari wao. Wengi wao wangeokoka kama majina yangetajwa mapema. Hawakutaja kwa sababu, kwa miaka mingi, hakuna aliyewasikiliza walipotaja majina ya waliouawa. Taifa linalotaka kusikilizwa siku ya tauni halina budi kuwasikiliza watu wake siku za kawaida, na askari ni sehemu ya masikio ya taifa hilo.